Kuhusu binti yako na mkorogo

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Salamu zako zimefika, na ombi lako pia. Unataka nipite Kariakoo nimtumie binti mafuta ya kung'arisha, kwa kuwa mahafali ya kidato cha nne yamekaribia na hataki kuonekana mweusi kwenye picha. Hapana, shoga. Hilo sitalifanya hata ukininunia.

Mkorogo ni krimu mbili tatu zilizovurugwa kwenye kopo lisilo na jina. Mna hidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, pengine zebaki, pengine steroidi ambazo hospitalini hutolewa kwa maelekezo ya daktari. Vyote vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, ila vinapita tu. Zebaki inaua figo. Steroidi inaikondesha ngozi, hata kidonda kidogo kinachelewa kufunga. Kwenye daladala nawaona akina mama walioshika bomba, uso una rangi yake na vifundo vya vidole rangi yake. Nawaonea uchungu sana.

Kinachoniuma zaidi ni hili: nani alimwambia mweusi hapendezi? Simu imo, ndiyo. Filta inamchubua kabla hata hajabonyeza picha. Lakini simu ilimkuta ameshaandaliwa. Mtoto hajatimiza wiki, wageni wanamtazama masikio wajue atakuwa na rangi gani. Harusini anasifiwa bibi harusi mweupe. Ukikonda unaulizwa unaumwa nini, ukinenepa unaitwa bonge.

Televisheni huku bara ilianza 1994. Mwaka uliofuata ikafika Nadroga, kule visiwa vya Fiji katika Pasifiki, ambako mwili mnene ulikuwa heshima na msichana akikonda ndugu walihangaika kumlisha. Daktari Anne Becker, mtafiti wa Marekani, aliwahoji wasichana wa shule mwaka ule wa 1995: hakuna aliyejitapisha ili apungue. Aliporudi 1998, asilimia 11.3 walikuwa wamefanya hivyo. Miaka mitatu tu, shoga! Na wale wazee wao waliwasifia walivyo. Binti yako wazee wanamwambia lilelile analoambiwa na simu. Atakimbilia kwa nani?

Kwa hiyo anza wewe. Msifie rangi yake mbele ya shangazi zake, wakisikia. Kisha mwonyeshe picha za Flaviana Matata za 2007, akiwa Miss Universe Tanzania: kipara kitupu, ngozi yake ileile, na kwenye mashindano ya dunia kule Mexico akaingia kumi bora. Wasichana wetu wananyolewa shuleni na wengi wanaona ni adhabu. Yeye alipanda na kipara chake jukwaani kichwa juu.

Mpe simu kesho baada ya magharibi niongee naye mwenyewe. Gauni la mahafali nitamshonea mimi, rangi achague anayoipenda. Anitumie vipimo vyake vilivyo, asipunguze hata inchi.

Wako,
shoga yako wa Sinza