Mheshimiwa Waziri wa Mazingira, metali itakwenda wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Kila inapojadiliwa ardhi iliyochafuliwa na migodi au viwanda, siku hizi tunaahidiwa mimea na bakteria wa kuisafisha. Siipingi njia hiyo. Ninachoomba ni kwamba, kabla hujatia saini mkataba, umuulize mkandarasi: metali itakwenda wapi?

Mafuta yakimwagika, wapo bakteria wa kuyala hadi yakaisha. Lakini metali kama risasi (madini ya plumbi, si ya bunduki) hailiki. Mmea ama utaifyonza ipande majanini, ama utaishikilia ardhini isisambae.

Mimea hodari ya kufyonza ipo. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walitangaza kuwa kangaga aina ya Pteris vittata hulimbikiza aseniki, sumu ya ardhini, kwa wingi ambao ungeua mmea wa kawaida. Kaledonia Mpya, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, kuna mti, Pycnandra acuminata, ambao utomvu wake una rangi ya buluu na kijani kwa kujaa nikeli. Lakini kila mmea na metali yake. Alizeti, kipenzi cha wapiga picha, haipati risasi ya maana kwa kuwa risasi hung'ang'ania udongo. Miaka ya 1990 ilijaribiwa kemikali ya EDTA ili kuilegeza. Ikapanda kwenye mimea kweli, na nyingine ikateremka kuelekea maji ya chini ya ardhi.

Kwa risasi, basi, afadhali kuifunga papo hapo: fosfeti (chumvi za fosforasi, kama za mbolea), nyasi zenye mizizi mingi, na kuvu wa mizizini wanaozisaidia kustahimili. Ila pakiwa na aseniki pia, fosfeti hiyohiyo huilegeza aseniki. Ndiyo maana udongo upimwe kwanza. Bakteria nao si wa kuaminiwa kwa jumla. Wapo wanaoipunguzia kromi ukali wa sumu yake, na wapo, hasa kwenye matope yasiyo na hewa, wanaogeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo hujikusanya kwenye samaki.

Na mavuno je? Majani yaliyojaa kadimi, metali nyingine yenye sumu, ni taka za sumu. Yakichomwa ovyo, metali inarudi na moshi na majivu. Yakiliwa na mifugo, inatufuata mezani. Mkataba utaje nani atayabeba, atayapeleka wapi, kwa fedha za nani, na nani atalinda uzio. Kazi hii ni ya miaka mingi, pengine miongo, na mizizi haifiki kila kina. Bajeti ya mwaka mmoja ni mzaha.

Vipimo vya udongo, vya kabla ya kupanda na vya kila mwaka, vibandikwe hadharani wanaolima jirani wavisome.

Nasubiri jibu lako.

Mwananchi