Fundi wa websaiti asiandikwe ndo mwenye jina, TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, tusaidieni hapo

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana hili jambo kila nikilisema hapa kijiweni watu wanadhani namsema mtu fulani, kumbe nausema utaratibu. Nataka kuongelea haya majina ya websaiti yanayoishia na .tz, zile co.tz, or.tz na ndugu zake, hasa nani anaandikwa kuwa ndo mwenyewe siku jina linaposajiliwa. Wafanyabiashara wengi ninaokutana nao hapa Dar wenye websaiti hawana majina yao, majina yapo kwa vijana waliowatengenezea, na wenyewe hawana habari mpaka siku mambo yaharibike.

Mi nina kaofisi ka steshenari hapa Sinza, tunachapa, tunatoa kopi, tunawajazia watu fomu za BRELA za kusajili biashara na za TRA za kodi, kwa hiyo shida za watu zinapita kwanza kwenye meza yangu kabla hazijafika huko kwingine. Juzi kati kaja mama mmoja wa keteringi, anapikia maofisini na kwenye harusi, kampuni yake ina jina zuri tu la co.tz na imeili ya info imeandikwa mpaka kwenye kanga walizogawa sherehe ya miaka kumi. Imeili imekufa. Wateja wanampigia simu, mama tumekutumia oda imerudi, yeye kutwa anamgombeza kijana wa ofisini anunue bando la maana.

Nikamwambia mama hebu tuangalie kwanza. Kuna sehemu ya kuulizia jina lolote la .tz, inaitwa whois, unaandika jina inakuletea maelezo yake, mwenye jina ni nani, limesajiliwa kupitia kampuni gani, seva zake zipi, yaani zile kompyuta zinazoelekeza watu kwenye websaiti na imeili, lilisajiliwa lini na linaisha lini. Nikaigeuza kompyuta upande wake. Mstari wa mwenye jina ulikuwa na jina la kijana aliyemtengenezea websaiti, kampuni ya mama haipo popote, na tarehe ya kuisha ilishapita. Mama akasogeza miwani akasoma, akarudia tena, akaniambia, "Mwanangu, huyu si yule aliyekuja na laptopu? Sasa kaingiaje kwenye kampuni yangu?"

Simu ya yule kijana haipatikani, wanasema yuko Mwanza, wengine wanasema kaenda nje kabisa. Kampuni iliyouza jina wakamjibu kwamba wao wanamtambua aliyeandikwa, na mi siwezi kuwalaumu, wangempa jina kila anayepiga simu kusema hili langu basi si tungeibiana mchana kweupe? Mpaka naandika barua hii mama anatumia gmail na bado wanazungushana na makaratasi.

Sasa kwa wasiojua haya mambo yanavyoenda. Kila nchi imepewa herufi zake mbili kufuata orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi, ndo maana sisi ni tz, Kenya ke, Uganda ug. Orodha ya nani anasimamia herufi zipi inatunzwa na IANA, iliyo chini ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, huko Marekani. Yetu ya .tz iliingizwa mwaka 1995. Baadaye TCRA na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, wakaanzisha tzNIC, kituo cha kusimamia majina ya .tz, na mwaka 2010 .tz ikakabidhiwa rasmi kwa hiyo tzNIC, siku hizi shughuli hiyo iko chini ya TCRA wenyewe. Hao wa juu ndo wanatunza daftari kuu, rajisi. Lakini mimi na wewe hatuendi kununua kule kule rajisi, tunanunua kwa wasajili, makampuni yaliyopewa idhini, na msajili anaandika kwenye daftari kuu kile alichojaziwa na mteja. Na hapo ndo kwenye kasheshe, kwa sababu anayejaza fomu mara nyingi ni fundi, na fundi akifika kwenye kibox cha mwenye jina anaweka jina lake, kwenye imeili anaweka yake, kwenye simu anaweka yake, analipia kwa simu yake, anamaliza fasta aende kwa mteja mwingine.

Sisemi wote wezi. Wengi ni haraka tu, na wateja nao tunachangia, unamwomba mteja imeili anakwambia wewe malizia tu kijana wangu hayo mambo siyajui, unamwomba cheti cha BRELA anakitafuta wiki nzima. Wapo pia wanaofanya makusudi ili mteja asiwatoroke na deni. Hilo la deni nalielewa kabisa, mtu kafanya kazi hajalipwa anatakiwa ashike kitu. Lakini pikipiki ukiipeleka gereji fundi anaweza kuizuia mpaka ulipe, hawezi kubadilisha kadi ikasoma jina lake. Azime websaiti, afunge hostingi, ile huduma ya kuihifadhi websaiti, akienda mahakamani hata mimi nitamsindikiza, jina aliache lilipo.

Na jina si kibao cha websaiti tu, hapo ndo watu wengi hawajaelewa, wanasema aah mi wateja wangu wako Instagram, websaiti ikifa ife. Imeili zote zinaegemea hapo. Jina likiisha muda na kuachiliwa, mtu yeyote anaweza kulisajili upya, na akishalisajili akaweka seva yake ya barua basi kila kitu kinachotumwa kwenye anwani yako ya zamani kinaingia kwake, invoisi, kopi za mikataba, zile linki za kubadilishia paswedi. Fikiria akaunti yako ya benki ya mtandaoni au ya NeST kule kwenye zabuni za serikali imeunganishwa na hiyo imeili. Mtu hahitaji hata kuwa mdukuzi, anangoja tu usahau kulipia.

Kama unadhani nakuza mambo, mwaka 2023 ilitoka habari kwenye magazeti ya nje kuhusu Mali, herufi zao ni ml. Jeshi la Marekani linatumia .mil, watu wakawa wanakosea wanaacha herufi i, barua zao zinakwenda Mali badala ya jeshini. Mholanzi mmoja aliyekuwa na mkataba wa kuiendesha .ml alikusanya karibu barua 117,000 zilizopotea hivyo tangu Januari mwaka ule tu, akasema aliwaonya miaka na miaka, na mkataba wake ulikuwa unaisha .ml irudi kwa serikali ya Mali. Barua za jeshi kubwa namna ile zimeishia kwingine kwa sababu ya herufi moja, sembuse oda zetu za pilau na biriani.

Kuna mtego mwingine nimeuona zaidi ya kwa huyo mama. Unakuta safari hii jina limeandikwa vizuri tu, mwenyewe ndo mwenyewe, ila imeili ya mawasiliano iliyowekwa kwa msajili ni ile ile ya kwenye hilo jina. Jina likisimama imeili nayo inasimama, kwa hiyo ukumbusho wa kulipia, namba ya siri ya kuhamishia jina, kila kitu kinatumwa kwenye boksi ambalo limeshakufa, na ukiomba ubadilishiwe imeili wanakutumia linki ya kuthibitisha kwenye imeili hiyo hiyo. Unazunguka hapo mpaka uchoke. Weka imeili ya pembeni jamani, hata gmail, na namba ya simu ambayo huwezi kuitupa.

Sasa maombi yangu kwa TCRA, na nayasema kwa heshima kwa sababu kazi kubwa wameshaifanya, leo mtu unasajili jina la .tz umekaa kwenye kiti chako.

La kwanza na ndo lililonifanya niandike, jina likisajiliwa au likibadilishwa mwenyewe, rajisi yenyewe itume meseji ya kawaida kwa namba ya mwenye biashara, kwa Kiswahili, jina fulani limesajiliwa, mwenye jina ni fulani, linaisha tarehe fulani. Na likikaribia kuisha itume tena. Imeili hazitoshi, mfanyabiashara wa Kariakoo hafungui imeili, anafungua meseji. Na namba hiyo isiwe ile aliyoijaza fundi, itoke kwenye kumbukumbu za BRELA au za TIN, ile namba ya mlipakodi. Benki wanatutumia meseji kwa kila shilingi inayotoka, mitandao ya simu ndo usiseme, hili nalo haliwezi kuwashinda.

Halafu fomu ya usajili iulize swali moja tu la wazi, unajisajilia mwenyewe au unamsajilia mtu mwingine? Ukisema unamsajilia mtu mwingine basi sehemu ya mwenye jina isikubali maelezo yanayofanana na ya kwako, wewe ukae kwenye sehemu ya fundi, ambayo ipo siku zote kwenye daftari na kazi yake ndo hiyo. Kuna watakaodanganya, najua, hapa mjini, lakini angalau anayedanganya atakuwa kadanganya kwa maandishi na mteja akienda kulalamika ana pa kushika.

Na BRELA nao, mtu akisajili jina la biashara kule anatoka anafurahi anadhani jina ni lake kila mahali. Siyo. Cheti cha BRELA hakikupi co.tz, huku ni aliyewahi ndo kapata, na ukikuta mtu kakuwahi inabidi uanze mambo ya malalamiko na vielelezo wakati ungeweza kulichukua siku ile ile. Kwa nini ule mfumo wao wa mtandaoni usimwonyeshe mtu pale pale kwamba jina ulilosajili lipo wazi kwenye co.tz au limeshachukuliwa? Hizi ni ofisi mbili za serikali moja zote ziko hapa hapa Dar, wakae chini wayaunganishe.

Wapo wanaosema dawa ni kuachana na .tz twende zetu .com. Mi sikubaliani. Kwanza tatizo la fundi kujiandika liko huko huko pia, fomu ni zile zile. Pili huku nyumbani angalau kuna ofisi unaweza kwenda na vyeti vyako ukaongea Kiswahili na mtu, na likizidi kuna sheria yetu ya mawasiliano ya mwaka 2010. Na tatu .tz inakusaidia kumjua mtu ni nani, go.tz hapewi mtu binafsi, ni taasisi za serikali, ac.tz ni za vyuo, kwa hiyo ukiona tangazo la ajira za wizara lina anwani ya .com na linataka utume ela ya usaili, fanya kama hujaliona.

Kuna kitu kimoja nakipenda kwenye historia ya haya mambo. Mwaka 1994, Jon Postel, mmoja wa wale wazee waliokuwa wanagawa hizi herufi za nchi tangu mwanzo, alitoa mwongozo kwamba anayekabidhiwa domeini ya nchi, yaani hizo herufi na majina yote yanayoishia nazo, ni mdhamini tu, anaishika kwa niaba ya wananchi na watumiaji wa intaneti kwa ujumla, na maneno ya hii yangu hii yako hayana nafasi, kinachotakiwa ni wajibu na huduma. Hiyo ni kwa anayeshika domeini ya nchi nzima! Sasa kijana wa Sinza aliyelipwa kutengeneza kurasa tano na picha za sambusa anapata wapi ubavu wa kuwa mwenye jina la kampuni ya mtu?

Wasomaji wenzangu wenye websaiti, whois haina malipo, ingia leo uangalie jina lako limeandikwaje. Ukikuta la fundi usianze na ugomvi, mpigie kwa upole wakati bado mnaelewana na simu yake bado inapatikana, mwambie aombe kwa msajili mabadiliko ya mwenye jina, wewe andaa cheti na kitambulisho. Ukishabadilishiwa ndo umwombe paswedi ya kusimamia hilo jina.

Na TCRA kama hili la meseji lipo njiani au lina ugumu wake tusioujua sisi wa mtaani, ukurasa huu unasomwa na watu wengi, watujibu hapa hapa.

Ni mimi msomaji wenu,
Sinza kwa Remmy, Dar es Salaam