Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa wizara: Sasa anasaini nani?

Ndugu Katibu Mkuu,

Yah: Malipo yangu ya ufasiri, mwezi wa 11 huu bila kulipwa

Heshima mbele. Barua tatu nimeshaleta kwa utaratibu, zote masijala wamezigonga muhuri wa kupokelewa, nakala ninazo. Hii ya nne naiweka hadharani kwa sababu ya nilichokiona Jumatatu.

Nilifika ofisi yenu ndogo hapa Dar es Salaam kumtafuta mshauri wa kigeni aliyenipa kazi. Zamani bwana yule akikohoa tu, wakurugenzi wanafungua madaftari. Madereva walimwita Waziri Mdogo. Jumatatu nimemkuta kwenye benchi la korido, kadi yake haifungui mlango, anamsubiri mhudumu. Kibao cha jina lake kimeng'olewa, yamebaki matundu manne ya skrubu. Nikamwonyesha ankara yenye saini yake. Akacheka kidogo: "Kaka, hiyo saini siku hizi haina kazi. Hata vikaoni siitwi."

Sikumhurumia, niseme ukweli. Tangu ripoti ya Profesa Helleiner ya mwaka 1995, ile ya Tanzania na wafadhili wake, tunaambiwa usukani wa maendeleo yetu tushike wenyewe. Mimi nimefasiri "umiliki wa nchi" na "kujengewa uwezo" mpaka vidole vinayaandika vyenyewe. Mwaka 1965 Mwalimu aliwaambia Ujerumani Magharibi wabebe misaada yao yote. Nanyi mmemweka mzungu benchi, hongereni. Lakini kalamu yake mmempa nani?

Mhasibu anasema dokezo lianzie kwa mkurugenzi. Mkurugenzi anasema kazi ilikuwa ya mradi, si ya wizara. Mradi wanasema hali imebana tangu Marekani isitishe misaada Januari 2025, na mfadhili mwenyewe wala si Mmarekani! Wengine wananong'ona kwamba chanzo ni ugomvi wa magari. Labda. Mimi sikufasiri magari.

Nilifasiri miongozo 11, kurasa 640. Mnaitumia. Aprili, kwenye ufunguzi wa warsha, kila mshiriki alikuwa nayo mezani, nembo ya wizara juu, na wewe mwenyewe ukasimama ukaahidi kwamba hakuna Mtanzania atakayedhulumiwa jasho lake. Nilipiga makofi, tena kwa nguvu.

Mchapaji nilimlipa kwa mkopo wa kikoba cha mke wangu. Sasa wanakikoba wenzake wanakuja nyumbani jioni. Hawatukani, hawadai. Wanakaa sebuleni, wanakunywa chai, wanaangalia taarifa ya habari mpaka iishe, wanaaga. Mke wangu hasemi na mimi hadi waondoke, na wakiondoka ndio hasemi kabisa. Umeme tunanunua wa elfu mbili mbili. Kompyuta niliyofanyia kazi yenu iko kwa mtu, rehani.

Siombi upendeleo. Hata hela, leo siombi. Naomba jina la mtu anayesaini. Awe mkurugenzi, awe mhasibu, awe mhudumu anayefungua mlango wa korido, sawa tu. Akiwa Dodoma nitapanda treni nimfuate Mtumba kwenye mji wa Serikali, nauli nitakopa pengine. Jina tu, Ndugu Katibu Mkuu. Jina na namba ya chumba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfasiri, Tabata

Nakala: Wanakikoba, kwa taarifa.