Salamu za Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, kutoka Amu (Lamu)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na majirani, mlioko Amu na mliotawanyika Malindi, Mombasa hadi ughaibuni, nawatakia Maulidi ya kheri na baraka. Mola atufikishe mwakani tukiwa na afya na imani.

Mwaka umekuwa mzito. Mafuta ya kupikia yamepanda, nauli ya boti nayo hivyo hivyo, na wageni tutawapokea kwa kilichopo. Hata hivyo matari yakilia msikiti wa Riyadha, kwa Habib Swaleh aliyeuasisi, nyoyo zitainuka.

Nyumbani kwetu Maulidi yatasomwa bila mama. Alikuwa akidunduliza ya Umra, na kila akikaribia, gharama humpita. Mola amemchukua, Madina hakuifika. Lakini wakati wa kiyamu, tunaposimama kumswalia Mtume, udi ukifuka, alifumba macho machozi yakamtiririka, na kisha akatusimulia lile kuba la kijani la msikiti wa Mtume kama aliyerudi jana. Kwa jicho la moyo, mama yangu alifika. Hilo siliachi.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir naye, alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi, alikuwa na magofu ya mji wa Pate na popo wake. Akaona taa zinawaka, kumbi zimejaa watu, zidaka za ukutani zimepambwa sahani; akaugeukia moyo wake kuukanya. Angeishia kwenye kuta, tusingepata mawaidha yale.

Basi enyi vijana, jicho hili la moyo ni amana. Mkilijaza husuda, hofu na picha za simu usiku kucha, sala itawakaukia. Lilisheni kasida, dhikri na sira ya Mtume (S.A.W.). Wala si kila kinachopita akilini ni ilhamu: kikikuvuta kwenye unyenyekevu na haki ya jirani, kipokee, kikikutia kiburi, omba hifadhi ya Mola. Nanyi wazazi, mtoto akiuliza Mtume alitabasamu vipi, msimkaripie. Mkalisheni, mumhadithie. Mlango huo ukifungwa utotoni, ni taabu kuufungua ukubwani.

Kisomo cha kumrehemu mama ni Jumatano baada ya alasiri, nyumbani. Kahawa na mahamri yatakuwepo inshallah, na aliye mbali amsomee Fatiha alipo.

Kulla aam wa antum bikheri.