Dakika za santuri si mwendo wa mpigaji

Mhariri,

Makala yenu iliyolinganisha rekodi mbili za mpiga piano Glenn Gould akipiga Goldberg Variations, kazi ya kinanda ya mtunzi Bach, ilisema ile ya 1955 ni ya mbio na ya 1981 ni ya polepole, kwa kuwa moja ina dakika kama 38 na nyingine 51. Hesabu hiyo imeruka jambo.

Kazi hii ni Aria, yaani kipande cha msingi, kisha variesheni 30, yaani vipande vinavyoigeuzageuza, kisha Aria tena. Vipande vina nusu mbili, na Bach aliweka alama za kurudia kila nusu. Mwaka 1955 Gould hakurudia popote. Mwaka 1981 alirudia nusu ya kwanza ya variesheni kadhaa, zikiwemo kanoni, zile ambazo sauti moja huifuata nyingine kwa kuiiga. Kwa hiyo baadhi ya zile dakika 13 ni muziki uliopigwa mara mbili. Mpiga piano Murray Perahia, katika rekodi yake ya mwaka 2000, anafuata marudio na kupita dakika 70, wala hakuna atakayemwita mzito.

Mwendo hupimwa kipande kwa kipande. Aria ina vipimo 32 vya mapigo matatu matatu, yaani mapigo 96. Mwaka 1955 inakwisha kabla ya dakika 2, sawa na mapigo kama 50 kwa dakika. Mwaka 1981 inachukua kama dakika 3, mapigo 32 hivi. Hapo mlisema kweli. Lakini variesheni ya 5 inakwenda kwa kasi ileile katika rekodi zote mbili. Na ya 25, ile ya majonzi katika ufunguo wa G maina, ambayo hakuirudia kokote, mwaka 1955 inakaribia dakika 6 na nusu. Mwaka 1981 ni 6 na sekunde chache. Huyo "wa polepole" ndiye aliyewahi kumaliza!

Mlisifu pia sauti ya 1981 kuwa "pana". Ni lazima iwe hivyo: ya 1955 ni ya mono (njia moja ya sauti), tena kwa piano ya Steinway, ya 1981 ni ya stirio (njia mbili), kwa piano ya Yamaha. Na si kila toleo linafanana. Rekodi ya 1955 iliwahi kuuzwa ikiwa imegeuzwa stirio kwa mitambo, na sauti yake ina ukungu. Ya 1981 ilinaswa kwa dijitali na kwa utepe wa analogi pia. Toleo lake la 2002 lilitumia utepe huo.

Anayetaka kulinganisha kwa haki asawazishe kwanza ukubwa wa sauti kwa kipimo, hata cha simu, kwa kucheza sehemu ileile ya kila rekodi. Tofauti ya desibeli moja au mbili yatosha kumfanya msikilizaji aione ile yenye nguvu zaidi kuwa ndiyo safi. Kisha mtu mwingine ndiye abadilishe rekodi, bila kutaja ipi inalia. Mguno wa Gould, aliyezoea kuimba chinichini akipiga, hautasaidia kuzitambua. Umo kwenye zote mbili.

Makala ijayo iandike toleo lililosikilizwa na marudio yaliyopigwa, kando ya dakika.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam