Ile bodi ya valvu

Kwako Salimu,

Salamu sana, na wa nyumbani wote. Umeuliza kama ile bodi ndogo ya valvu mbili (zile taa za kioo za kielektroniki) za aina ya 6J1 inafaa kuwekwa kati ya sidii pleya na amplifaya yako. Inafaa, ila usitarajie iongeze nguvu ya spika. Bodi hiyo ni bafa, na kazi ya bafa ni kupokea sauti bila kukielemea chombo kinachoitoa, kisha kuisukuma amplifaya bila shida. Na zile taa za rangi chini ya valvu ni kidanganya toto. Valvu yenyewe hung'aa wekundu hafifu tu.

Adapta ndiyo inayoponza wengi. Bodi nyingi za aina hii zinataka AC (umeme unaogeuka-geuka mwelekeo) volti 12, ampea 1, si DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Ndani mna saketi inayozidisha volti mara mbili, na hiyo haifanyi kazi bila AC. Ukichomeka adapta ya ruta, ambayo kwa kawaida hutoa DC, valvu zitawaka vizuri lakini sauti itakwaruza au isitoke kabisa, nawe utasingizia valvu. Nyuzi za kupasha valvu joto, volti 6.3 kila moja, kwa kawaida zimeungwa mfululizo: ukichomoa valvu moja, zote mbili huzima.

Sasa besi. Soma kipimo kilichoandikwa kwenye kapasita za kutolea sauti, yaani vile vipande vinavyopitisha sauti na kuzuia DC. Maikrofaradi 1 ikikutana na amplifaya ya omu 10,000, besi huanza kupungua kwenye Hz (mitetemo kwa sekunde) 16 hivi, na hapo hutasikia tofauti. Ukikuta 0.22, kupungua kunaanzia Hz 72, muziki unakosa tumbo. Weka 2.2 za filamu, volti 63 au zaidi.

Kabla ya kuunganisha amplifaya, washa bodi peke yake, subiri dakika moja, upime DC kwenye soketi ya kutolea, kushoto na kulia. Milivolti chache si neno. Ukiona volti nzima, kapasita inavujisha. Ibadilishe kwanza.

Ikivuma, chomoa nyaya za kuingizia. Mvumo ukibaki, tatizo liko kwenye bodi au adapta. Ukikoma, fuatilia waya au ethi (waya wa ardhi). Vyombo vyote vichomeke kwenye ekstensheni moja, na usikate ethi ya plagi hata mtu akikushauri.

Kila siku washa bafa kwanza, amplifaya baada ya nusu dakika. Kuzima, anza na amplifaya, la sivyo spika zitapiga kishindo.

Niandikie umepima ngapi.

Wako,
Fundi