Baba, huku kasuku wanafungua mapipa ya taka

Sydney, Oktoba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Msalimie sana Mama, na Bibi umwambie dawa yake ya miguu nimeipata, itakuja na mtu. Mimi sijambo, masomo yanakwenda, baridi imekatika na mijakaranda imeanza kuchanua kama ile ya Arusha. Pesa ya mbolea nimemtumia kitindamimba wako, mdai risiti.

Sasa nikujibu lile uliloniuliza kwenye simu, kelele gani zile zilizotufanya tusisikilizane. Ni kasuku, Baba. Najua wewe ukisikia kasuku unamkumbuka yule wa kijivu wa mzee wa Kirumba, mkia mwekundu, kutwa ndani ya tundu akiiga kikohozi cha mwenye nyumba. Hawa wa huku ni kakatua: weupe pe, wakubwa kama tetea, na kichwani wana kishungi cha manjano wanachokisimamisha wakishtuka au wakitaka ugomvi. Hawana mwenyewe. Wanalala mitini, asubuhi wanaingia mitaani kutafuta riziki.

Na riziki yenyewe wanaijua ilipo. Mapipa ya taka huku yana magurudumu na mfuniko mzito. Kakatua anatua ukingoni, anainua mfuniko kwa mdomo, kisha anatembea kiubavuubavu juu ya ukingo huku ameushikilia, mpaka unapinduka wenyewe kwa nyuma. Watafiti waliwahoji wakazi wa Sydney na kandokando yake: kabla ya 2018 ni vitongoji 3 tu vilivyowahi kuona mambo hayo, kufikia mwisho wa 2019 vilikuwa 44. Wanaigana. Mmoja akijua, jirani anamtazama, na ujuzi unahama kitongoji hadi kitongoji. Watu wakaanza kuweka matofali juu ya mifuniko. Ndege wakajifunza kuyasukuma yaanguke. Sasa wengine wanachomeka viatu vya zamani kwenye bawaba ili mfuniko usipinduke. Mimi niko upande wa kakatua, ila sisemi kwa sauti, maana anayefagia zile taka ni mwenye nyumba wangu.

Kuwapiga picha ndiyo imekuwa starehe yangu ya Jumapili. Nimenunua kamera ya mtumba yenye lenzi ndefu ya milimita 300, ya bei nafuu, usiogope. Ndege mweupe ni mgumu kuliko unavyodhani. Jua la mchana likimpiga, kwenye picha anatoka doa jeupe tupu, huoni unyoya wala jicho. Kwa hiyo naamka mapema, au nasubiri siku ya mawingu, na naipunguzia kamera mwanga kidogo mpaka mistari ya manyoya ionekane. Akiruka, nakimbiza shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga, hadi 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, la sivyo mabawa yanakuwa ukungu. Zaidi ya hayo ni kukaa. Unakaa chini kwenye nyasi, unajifanya huna habari nao, mwishowe wao wenyewe ndio wanaosogea kukuchunguza.

Wako na kasuku wadogo wenye rangi zote: kichwa buluu, kifua machungwa na nyekundu, mgongo kijani. Hawa ulimi wao una vinyweleo kama brashi, wanalamba nekta kwenye maua. Ukitaka picha yao usiwafuate, tafuta mti uliochanua ukae chini yake. Jioni wanakusanyika kulala kwenye miti ya barabarani, na hapo ndipo simu zetu zinapoharibika. Watu wengine huwatupia mkate ili wasogee kamera. Sipendi. Mkate unawadhuru, na picha ya ndege anayeombaomba haina utamu.

Wiki iliyopita nilipanda treni kwenda milima ya Blue Mountains, mwendo wa karibu saa mbili kutoka mjini. Msitu wa mikaratusi mtupu, si ile yetu ya kupandwa kwa mistari. Huko nilimpata kasuku mwekundu mwenye mashavu ya buluu akichungulia kwenye tundu la mti. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi, nikapata picha moja nzuri; nitakuwekea kwenye simu ya Mama. Matundu yale, Baba, mkaratusi unahitaji miaka zaidi ya 100 kuyafanya. Mti mzee ukikatwa, kupanda mche mwingine hakumsaidii ndege anayetaka kutaga mwaka huu.

Ndipo nikawakumbuka cherero, kasuku wadogo wanaoshuka kwenye mtama wetu kule Magu, wale wa kijani wenye uso wa machungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Kwa asili yao ni ndege wa kaskazini mwa Tanzania, kwetu hasa. Miaka ya 1980 walinaswa kwa maelfu wakasafirishwa kuuzwa ng'ambo. Australia hairuhusu kasuku wake wa mwituni wauzwe nje kibiashara. Nimeishi na cherero utoto wangu wote nikiwarushia mawe, na sina picha yao hata moja.

Mtume kitindamimba shambani mtama utakapokomaa, na simu, bila manati. Aende alfajiri, jua liwe mgongoni mwake. Akimgusa ndege kwenye kioo kitatokea kijua kidogo. Akishushe kidogo ndipo apige. Asivute sana picha, itachakaa. Bora asogee polepole. Na akiona wanaingia kwenye tundu la mti, aniambie ni mti gani, nawe usiukate kwanza mpaka nije.

Wasalimie wote, na majirani wa Kirumba.

Ni mimi mwanao.